Nichapishiwe Nyonga Mpya, au Niachwe Bila?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka 41, mama wa watoto wawili. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa na maumivu ya paja la kulia, juu kabisa karibu na kinena. Nilidhani ni kusimama darasani kutwa. Nikameza dawa za maumivu, nikachuliwa, nikabadilisha viatu. Maumivu yalipoanza kuniamsha usiku ndipo nikapigwa picha, kumbe kuna uvimbe kwenye fupanyonga, palepale penye kikombe kinachopokea kichwa cha fupa la paja. Wakachukua kinyama kwa sindano. Majibu: kondrosakoma daraja la pili, saratani inayotokana na gegedu. Kifua nacho kimepigwa picha, ni safi, namshukuru Mungu.

Nimeelezwa kwamba tibakemia haina msaada mkubwa kwa saratani ya aina hii, wala mionzi ya kawaida, dawa yake ni kisu. Hapo sina ubishi. Ubishi umekuja baadaye.

Mpasuaji alinipa njia mbili. Ya kwanza, akishatoa sehemu yenye uvimbe aweke kipandikizi cha titani kilichochapishwa kwa mashine ya 3D kufuata umbo la mifupa yangu mwenyewe, na juu yake nyonga bandia. Ya pili, asiweke mfupa wowote: atapandisha kichwa cha fupa la paja mpaka kwenye mfupa utakaobaki, akifunge hapo kwa nyuzi na wavu maalumu, halafu makovu na misuli vishikilie. Mguu utakuwa mfupi kwa sentimita kadhaa na nitavaa kiatu chenye soli iliyoinuliwa. Alisema zote mbili zinakubalika, yeye anaegemea kidogo ya pili, lakini hatanilazimisha. Nilitoka pale kichwa kinavuma.

Baba watoto hataki hata kuisikia hiyo ya pili. Anasema ni njia ya hospitali iliyoshindwa. Tangu siku ile simu yangu imejaa video: mtoto wa China aliyechapishiwa pingili ya shingo, mtu wa Hispania aliyechapishiwa mbavu, mzee wa Australia aliyechapishiwa kisigino. "Wenzako wanapewa mifupa mipya, wewe unataka kubaki na shimo?" Shemeji yangu ni fundi mitambo, naye ameongeza lake: titani ni ngumu kuliko mfupa, kwa hiyo nitatoka imara kuliko nilivyoumbwa. Mama yangu mzazi analia tu.

Daktari, nikikikataa hicho cha kuchapishwa, nitakuwa nimekataa kupona? Nikikikubali, kitadumu maisha yangu yote? Nitasimama tena mbele ya darasa? Naambiwa kukitengeneza kunachukua wiki kadhaa. Je, uvimbe si utaendelea kukua? Au hiyo ndiyo nafasi yangu ya kumaliza muhula na wanafunzi wa mtihani kwanza? Na kuna jambo naona haya kumwuliza mpasuaji, maana ni kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho: mambo ya unyumba yatakuwaje?

Nijibu kama unavyomjibu mwanao.

Mwalimu

---

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa hayo yaliyokupata.

Nianze na la mumeo, kwa sababu ndilo linalovuruga mengine yote. Kupona kwako kunategemea kile kitakachotolewa. Kitakachowekwa baada ya hapo kinahusu utakavyotembea na utakavyokaa, jambo kubwa kweli, lakini ni swali jingine. Mpasuaji akiutoa uvimbe wote pamoja na ukingo wa nyama na mfupa wenye afya kuuzunguka, umepata tiba, awe ameweka titani au hakuweka kitu. Akibakiza chembe kwenye ukingo, hakuna chuma duniani kitakachokuokoa, na kondrosakoma ikirudi ndani ya nyonga upasuaji wa pili huwa mgumu mara nyingi kuliko wa kwanza. Wakati mwingine hata mguu hauokoleki tena. Baba watoto ameyachanganya maswali mawili kuwa moja. Wala simlaumu: video humwonyesha mtu kipandikizi kinachong'aa mezani, hazimwonyeshi kipande kilichotolewa kikikaguliwa kwenye hadubini.

Sasa nikueleze kwa nini kutoa huko ni kazi. Fupanyonga halina mstari ulionyooka hata mmoja. Limepinda, limejikunja, ndani yake pamelala kibofu, utumbo na mishipa mikubwa ya damu, nyuma inapita neva ya siatiki inayoendesha mguu mzima. Mpasuaji huona upande mmoja, mwingine anaukisia kwa vidole na kwa kumbukumbu ya picha. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti mmoja ninaoupenda kwa ukweli wake. Wapasuaji wanne wazoefu walipewa fupanyonga za plastiki zenye uvimbe uliochorwa, wakaambiwa wakate wakiacha ukingo wa milimita 10. Waliruhusiwa kukosea milimita 5 huku au huku. Uwezekano wa kufikia hapo ulikuwa asilimia 52. Hao ni wazoefu, mezani, bila damu, bila mgonjwa.

Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu uchapishaji wa 3D katika nyonga, mimi huanza na kalibu ya kukatia, chuma baadaye. Kalibu hii ni kidude cha nailoni, hakina mvuto wowote, hakuna anayekirekodia video. Kinatengenezwa hivi: picha zako za CT, zilizopigwa kwa vipande vyembamba vya milimita moja au chini yake, zinalazwa juu ya picha za MRI kwenye kompyuta. CT inaonyesha mfupa vizuri, MRI inaonyesha uvimbe umefika wapi ndani ya uboho na kwenye nyama za jirani. Mpasuaji na mhandisi wanakaa pamoja na kuchora mahali msumeno utakapopita. Kisha kalibu inachapishwa ikiwa na upande wa chini unaokaa juu ya mfupa wako mahali pamoja tu, kama kifuniko na sufuria yake, na mfereji mwembamba wa kupitisha msumeno. Kwenye chumba cha upasuaji inabandikwa kwa pini, msumeno unafuata mfereji. Kukisia kunapungua sana.

Na hapa pana jambo ambalo sidhani mmeambiwa: kalibu hiyo unaweza kupata hata ukichagua njia ya pili. Kukata kwa usahihi hakudai kuwekewa titani. Kwa hiyo ukirudi kliniki, kabla hujauliza lolote kuhusu kipandikizi, uliza: "Mtakata kwa kutumia nini? Kalibu, kompyuta ya kuelekeza msumeno, au macho?" Hospitali yenye mojawapo ya hizo mbili za kwanza imenipa amani zaidi kuliko yenye kipandikizi cha kupendeza na msumeno wa kukisia.

Kuhusu video za mumeo, ni za kweli, asije akadhani nazibeza. Huyo mtoto wa China alikuwa na miaka 12. Alifanyiwa upasuaji Beijing mwaka 2014, akiwa na saratani ya Ewing, aina ya saratani ya mifupa, kwenye pingili ya pili ya shingo. Kisigino cha Australia ni mwaka huohuo, Melbourne, na mgonjwa alikuwa na saratani ya gegedu, ndugu ya huo uvimbe wako. Mbavu na kidari vya Hispania ni 2015, Salamanca, kipandikizi kikiwa kimechapishwa Australia. Lakini tazama mahali palipowekwa. Shingo isipopata nguzo, kichwa hakina kinachokibeba. Ubavu mpana ukiachwa wazi, mapafu hayana ukuta wa kuvutia pumzi. Kisigino kikiondolewa bila mbadala, njia ya kawaida ilikuwa kukata mguu chini ya goti. Kote huko kuacha patupu kulikuwa na gharama kubwa kwa mgonjwa. Nyonga ina tabia tofauti. Tangu wapasuaji Enneking na Dunham walipoigawa fupanyonga katika kanda mwaka 1978, wapasuaji wanajua kwamba zipo sehemu zake zinazoweza kutolewa na mtu akatembea bila kuwekewa chochote, hasa ya mbele. Yako, ya kikombe, ndiyo yenye ubishi, kwa sababu uzito wa mwili hupitia hapo. Bado hata hapo kuacha bila kupandikiza ni njia inayofundishwa na inayofanyika katika vituo vikubwa vya saratani za mifupa. Haikutungwa na walioshindwa.

Kama mumeo anataka kisa kinachofanana na chako, amsome mgonjwa wa Newcastle, Uingereza, ambaye habari zake zilitoka mwaka 2014. Mwanamume wa miaka sitini na kitu, kondrosakoma kama yako, nusu ya fupanyonga ikatolewa na kuwekwa ya titani iliyochapishwa. Ilihesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Miaka mitatu baada ya upasuaji alikuwa akitembea. Kwa fimbo. Habari zilitaja fimbo waziwazi, nami nataka nyote nyumbani muisikie, maana matarajio ya "imara kuliko ulivyoumbwa" ndiyo yatakayokuumiza hata upasuaji ukienda vizuri.

Hapo nimefika kwa shemeji. Yeye ni fundi, ataelewa. Vipandikizi hivi hutengenezwa kwa unga wa aloi ya titani yenye alumini na vanadi kidogo. Mashine hutandaza tabaka la unga jembamba kuliko milimita moja ya kumi, leza au miale ya elektroni inayeyusha mahali panapotakiwa tu, linatandazwa tabaka jingine, na kuendelea mpaka umbo likamilike. Ukakamavu wa aloi hiyo ikiwa pande zima ni gigapaskali (kipimo cha ukakamavu) 110 hivi. Mfupa mgumu wa binadamu hauzidi 20 kwa kawaida. Shemeji anaona hiyo ni sifa. Sisi tunaona ni kasoro. Chuma kikakamavu kikikaa kando ya mfupa hubeba mzigo wote peke yake, na mfupa usiobebeshwa mzigo hukonda, unalegea, skrubu zinaanza kucheza. Uzuri wa kuchapisha ni kwamba sehemu inayogusa mfupa inaweza kufanywa wavu wenye matundu ya takriban nusu milimita. Wavu huo una ukakamavu mdogo ulio karibu zaidi na wa mfupa, na chembe za mfupa huingia matunduni na kushika. Yaani uchapishaji unathaminiwa kwa kuifanya titani isiwe ngumu mno. Teknolojia yenyewe si changa sana. Vikombe vya kawaida vya nyonga bandia vyenye uso wa namna hiyo vilianza kuwekwa Italia mwaka 2007. Uchanga uko kwenye hivi vya mtu mmojammoja, vinavyobeba nafasi ya uvimbe mkubwa.

Ndiyo sababu siwezi kukuambia kitadumu maisha yako yote, wala asikudanganye mtu. Vipandikizi vya nyonga vya kuchapishwa baada ya saratani vimeenea kuanzia katikati ya miaka ya 2010, na ripoti nyingi zimefuatilia wagonjwa kwa miaka michache tu. Kwa mwenye miaka 41, panga ukijua kwamba huenda ukahitaji kufunguliwa tena siku za mbele, kwa kubadilishiwa kikombe, kukazwa, au kuondolewa.

Lakini ninachokihofia zaidi ni maambukizi, kuliko hata kulegea. Ulifanyika utafiti mkubwa wa wagonjwa 604 katika nchi 12, uliitwa PARITY, matokeo yake yakatoka mwaka 2022. Wote walikuwa wametolewa uvimbe wa mguu na kuwekewa kiungo kikubwa cha chuma. Nusu walipewa antibayotiki siku moja, nusu siku tano. Ndani ya mwaka mmoja asilimia 15 wa kundi la siku tano walipata maambukizi, na asilimia 16.7 wa kundi la siku moja. Hakukuwa na tofauti ya maana. Yaani hata kwenye vituo vizuri, hata kwa dawa nyingi, karibu mgonjwa mmoja kati ya sita. Na hao ni wa miguu. Nyonga, kwa ukubwa wa jeraha na ujirani wake na utumbo na kibofu, ina sifa mbaya zaidi. Bakteria wakishajenga utando juu ya chuma, dawa haiwafikii vizuri. Mgonjwa anafunguliwa, anaoshwa, anafunguliwa tena, na mara nyingine mwisho wake chuma kinatolewa. Kikitolewa, anabaki na nini? Anabaki na njia ya pili, ileile aliyoikataa mwanzoni, sasa ikiwa na kovu, udhaifu na miezi mingi ya hospitali nyuma yake. Mpasuaji aliyewahi kupitia hayo na wagonjwa wake huanza kuegemea mapema upande wenye chuma kidogo. Sishangai kwamba wako anaegemea huko.

Nayo njia ya pili ina madhila yake, nisiipambe. Mguu utakuwa mfupi, hilo uhakika. Utachechemea. Utatumia magongo kwa miezi mingi huku makovu yakikomaa, na wengi hubaki na gongo moja au fimbo kwa safari ndefu. Kiungo kinachojijenga hapo si kiungo halisi, kinacheza kidogo, na wengine huona maumivu wakikaa muda mrefu. Kinyume chake, kipandikizi kikikaa vizuri mguu unarudi karibu na urefu wake, na kusimama kunakuja mapema zaidi. Nacho kinaweza kuteguka, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu misuli iliyokuwa ikikishikilia imekatwa.

Misuli ndiyo itakayoamua. Watu hutazama chuma, mimi hutazama makalio. Kama mstari wa kukata unaacha misuli mikubwa ya kalio na neva zake, na kama mfupa wa juu utakaobaki ni mnene wa kutosha kushika skrubu, kipandikizi kina mahali pa kushikia na kina wa kukiendesha, hapo ningekaa upande wa mumeo bila shida. Kama misuli hiyo itaondoka na uvimbe, au mfupa utakaobaki ni mwembamba, titani iliyochongwa kwa umaridadi wote itaning'inia tu, na itateguka, nawe utafunguliwa kila mara. Kisukari, sigara na ngozi iliyowahi kupigwa mionzi navyo huongeza uzito upande wa kutoweka chuma. Hivyo swali lako la pili kwa mpasuaji liwe hili: "Nini umekiona kwenye picha zangu kinachokufanya uegemee njia ya pili?" Anayo sababu. Mlazimishe kwa upole akuchoree kwenye karatasi, mumeo akiwepo. Umwulize pia ameshafanya nyonga ngapi za kila aina, na wagonjwa hao wanatembeaje leo. Ukiweza kukutana na mmoja wa kila upande, umepata zaidi ya barua yangu hii.

La kusubiri. Kuchapisha kwenyewe ni suala la saa, pengine siku moja au mbili. Wiki zinaliwa na mengine: kukubaliana mchoro, kukipasha kipandikizi moto ili kitulie, kukwangua nguzo za kukishikilia, kutoa unga wote uliobaki matunduni, kukipima, kukisafisha na kukisafirisha. Kondrosakoma ya daraja la pili kwa kawaida hukua polepole, kwa hiyo wiki chache za maandalizi hazinitishi, na hata upasuaji usio na kipandikizi huhitaji maandalizi. Muhula mzima, hapana! Uvimbe wa gegedu unaweza kubadili tabia na kuwa mkali zaidi, na kila milimita unayosogea kuelekea sakramu, yaani mfupa wa chini wa uti wa mgongo, au neva ya siatiki inafuta chaguo moja mezani. Wanafunzi watapewa mwalimu mwingine. Nenda kamwone mkuu wa shule wiki hii. Tangu sasa tembea kwa magongo, mfupa usije ukavunjika na kumwaga chembe za saratani kwenye nyama za jirani. Maumivu yakiongezeka ghafla au mguu ukifa ganzi, usingoje tarehe ya kliniki.

Kipandikizi kilichochongwa leo kinafuata mfupa na uvimbe wa leo, na hapa ndipo penye ubaya wake kidogo: uvimbe ukisogea, hakipanuki wala hakipunguzwi. Muulize mpasuaji atafanyaje akifungua na kukuta umepita mstari. Jibu zuri ni kwamba atakata zaidi na kukiacha kipandikizi mezani, na kwamba njia ya pili imekwisha kuandaliwa kama akiba. Jibu la "hilo halitatokea" mimi nisingelikubali. Chuma kisiwe sababu ya kukata karibu na uvimbe ili tu kitoshee.

Darasani utarudi. Sikuahidi kusimama vipindi sita mfululizo, kwa njia yoyote ile. Kiti kirefu karibu na ubao kitakuwa rafiki yako, na mwalimu mwenye sauti hahitaji kuzunguka madawati yote. Nguvu zako ziweke kwenye fiziotherapia, anza kabla ya upasuaji ujifunze magongo na mazoezi ya paja ungali na nguvu.

Unyumba sasa, na usione haya, ni swali la afya kama mengine. Upasuaji huu haugusi uke wala mfuko wa uzazi kama uvimbe haujafika huko. Kuna neva inayoleta hisia sehemu za siri, inapita nyuma ya fupanyonga karibu na mfupa wa kukalia. Uliza kama mstari wa kukata uko mbali nayo, sema hivyohivyo, kijana huyo amesomea hayo na hatashtuka. Ukishindwa kabisa, mwambie muuguzi wa kike akuulizie. Miezi ya mwanzo mtasubiri mpaka jeraha na misuli vishike na mpasuaji aruhusu. Baada ya hapo, ukiwa na nyonga bandia, epuka kukunja goti kuelekea kifuani na kuvutia paja ndani, maana ndivyo inavyoteguka. Kulala chali au ubavu usio na upasuaji, mto ukiwa katikati ya mapaja, huwafaa wengi. Mumeo aelezwe haya mapema, asije akadhani unamkwepa.

Mengine madogo: titani haivutwi na sumaku, MRI unaweza kupigwa, ila picha ya jirani na chuma huwa na vivuli, kwa hiyo kufuatilia kama saratani imerudi ni rahisi kidogo pasipo na chuma. Mlango wa ukaguzi uwanja wa ndege unaweza kulia. Beba barua ya hospitali.

Mwisho, omba maoni ya pili, na mpasuaji mzuri hachukii. Beba vioo vya kinyama kilichochukuliwa, visomwe upya na mwanapatholojia aliyezoea uvimbe wa mifupa, kwa sababu daraja la kwanza na la pili huwachanganya hata wataalamu. Chukua pia picha zako zote kwenye diski au flashi, maana karatasi za ripoti peke yake hazitoshi, na wakuonyeshe ilipopita sindano, kwani njia hiyo nayo inapaswa kuondolewa pamoja na uvimbe. Ukishapewa tarehe ya upasuaji, uliza kalibu na kipandikizi vilichorwa kwa picha za lini. Kama zimekaa zaidi ya wiki chache, dai MRI mpya kabla hujaingia chumba cha upasuaji.